Sauti Bila Picha

Televisheni ya kwanza ambayo Theonest aliitengeneza peke yake, bila Mzee Remtulla kusimama nyuma ya bega lake, ilikuwa sanduku la mbao lenye miguu, na kioo chake kidogo kilivimba kama jicho la ng'ombe. Ilionyesha nyeusi na nyeupe tu, na hiyo nyeupe yenyewe ilikaribia kuwa kijivu. Siku hizo bara hakukuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wachache waliokuwa nazo Dar es Salaam walisimika milingoti mirefu juu ya mapaa, wakaelekeza antena zao Zanzibar. Hewa ikiwa nzuri, picha ilikuja. Hewa ikiwa mbaya, kioo kilijaa chenga, na msomaji wa habari akasikika kama mtu anayeongea huku ananyeshewa.

Duka la Mzee Remtulla lilikuwa Temeke, na Theonest, kijana aliyetoka Muleba kumfuata kaka yake aliyekuwa karani bandarini, alianza pale kama mfagiaji. Mzee Remtulla hakuwa msemaji. Alimfundisha kwa kumwonyesha na kidole: hapa pana umeme hata ukizima, usiguse, hapa ndipo picha inapozaliwa. Baada ya miaka michache, watu wakawa wanapita mlangoni wakimuuliza Theonest, si mwenye duka.

Alasiri moja alikuwa juu ya paa la duka akizungusha mlingoti, na chini watu wamekusanyika mbele ya kioo wakimpigia kelele. Kila mmoja alisema lake. Sauti moja tu ndiyo iliyokuwa na maana. "Rudi kidogo! Siyo huko, kushoto! Kidogo tu… ewaa, hapo!" Theonest alishuka ngazi kwenda kuitazama picha, akajikuta anamtazama mwenye sauti. Alikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi ya jirani, chaki bado iko kwenye vidole, jina lake Demetria. Naye alikuwa mtu wa Muleba. Mwaka uliofuata walifunga ndoa.

Maisha yao yakaenda pamoja na vioo. Vituo vya bara vilipoanza kurusha matangazo, Temeke nzima ilitaka televisheni, na Theonest hakuwa na muda wa kula mchana. Zilikuja za rangi, zikaja za chogo, zile nzito zilizobebwa na wanaume wawili, kila moja ikiwa na mgongo uliotokeza nyuma mpaka inakaa nusu ya meza. Theonest alizipenda hizo za chogo kuliko zote. Zilikuwa zikiugua na kupona. Picha ikijikunja, unajua pa kwenda. Ikigeuka kijani, unajua. Ikipiga mlio ule mwembamba wa mbu kabla ya kufa, unajua pia. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yao pekee, Adventina, na kwa kazi hiyo wakahama nyumba ya kupanga Temeke wakajenga Wazo, mahali ambapo vumbi la saruji hutua juu ya majani ya migomba na Demetria hulifuta kwa kitambaa kana kwamba majani yale ni vyombo vya kabatini.

Kisha ukaja mwaka wa ving'amuzi, mitambo ya zamani ikazimwa, na antena zikabaki juu ya mapaa zikitumiwa na kunguru. Nyuma yake zikaja televisheni bapa. Mzee Remtulla alikuwa ameshafariki. Mwanawe Alireza alilifunga duka la Temeke, akafungua lingine Mbezi Beach, lenye kiyoyozi na ukuta mzima wa vioo vinavyoonyesha maua na samaki wa rangi kali kuliko samaki wa kweli. Alireza alimheshimu Theonest, alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumwita anko, na hakumwacha nje. Lakini kazi aliyompa ilikuwa ya kutundika televisheni ukutani.

"Anko Theo, kuna mteja kule karibu na ufukwe, anataka ya ukutani sebuleni na nyingine chumbani."

Theonest alibeba drili na kwenda kutoboa kuta za watu. Zile televisheni zenyewe, zikiharibika, mara nyingi alikuwa na jibu moja tu. Mtoto karusha rimoti, kioo kimepasuka ndani kama utando wa buibui, na mama mwenye nyumba anamtazama fundi kwa matumaini. "Kioo hakitengenezwi, mama. Bei yake ni sawa na ya televisheni mpya." Alilisema jibu hilo mara nyingi mpaka likawa halimgusi tena kinywani.

Macho ya Demetria yalianza kusumbua wakati bado anafundisha. Alianza kwa kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Akawa anapitwa na watu barabarani bila kuwajibu salamu, na wengine wakasema mwalimu ana maringo. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, wakampa dawa ya matone, na matone hayo aliyatia akikumbuka na kuyaacha akisahau, kwa sababu macho hayakumuuma hata siku moja. Alipostaafu, burudani yake kubwa ikawa televisheni: taarifa ya habari, misa ya Jumapili siku ambazo miguu imevimba, na tamthilia za jioni ambazo aliwakemea wahusika wake kama wanafunzi wa darasa la tano.

Theonest aliona anavyosogeza kiti. Kwanza kilikuwa karibu na mlango, kisha katikati ya chumba, kisha magoti yakawa yanakaribia kugusa meza. Naye alikuwa fundi; alijua la kufanya. Alimletea bapa yake ya kwanza, ndogo ya kuanzia. Miezi ikapita, akaiondoa akaleta kubwa kuliko ile. Halafu Alireza alipoagiza mzigo mpya wa zile zenye mwanga mkali kabisa, Theonest alichukua moja akakatwa kidogokidogo kwenye ujira, akaitundika ukutani mwenyewe, ikaziba pengo lote kati ya dirisha na picha ya Bikira Maria. Alipoiwasha, sebule nzima ikageuka buluu.

"Sasa unaona?" alimuuliza, amesimama pembeni na rimoti mkononi.

Demetria aliugeuzia uso mwanga ule. "Naona," alisema. "Ee, Baba Adventina! Mpaka vinyweleo vya mtu!"

Theonest alicheka kwa furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi.

Mwaka huu, mvua za masika zikiwa zimechachamaa, mteja mmoja wa Mbezi Beach aliahirisha kazi kwa sababu ukuta wake ulikuwa umelowa. Theonest akarudi nyumbani mapema, saa za alasiri, viatu vizito kwa tope. Alipokuwa anavivua barazani alisikia tamthilia inaendelea ndani, na mkewe anaigombeza.

"Mjinga huyu! Mwone anavyomkumbatia, na yule kasimama mlangoni anamtazama!"

Theonest aliingia. Sebule ilikuwa na giza la mvua, taa haijawashwa. Demetria alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, mikono mapajani, uso umeelekea ukutani. Sauti ilikuwa inatoka vizuri kabisa: mwanamke analia, muziki wa vinanda. Kioo kilikuwa cheusi.

Alidhani umeme umecheza, akasubiri picha irudi. Haikurudi. Akasogea pembeni, akainamisha kichwa, na kwa jicho lake la kazi akaona, mbali ndani ya ule weusi, vivuli vya watu vikitembea kama samaki kwenye maji machafu. Alijua palepale ni nini. Taa za nyuma ya kioo zimekufa. Picha imo, mwanga wa kuionyesha haumo.

"Umerudi?" Demetria aligeuza shingo, akatabasamu kuelekea mlangoni, mahali alipokuwa amesikia viatu, si pale mumewe aliposimama. "Karibu. Njoo uone, leo picha safi sana. Sijui ni hii mvua imesafisha hewa."

Theonest alifungua mdomo. Akaufunga, akakaa kwenye kochi taratibu, kochi likalia, na mkewe akaugeuza uso wake kuifuata ile sauti.

"Mbona kimya?"

"Nimechoka, mama. Mvua."

"Pole. Chai iko kwenye chupa." Akarudi kuelekea kioo cheusi. "Tazama alivyovaa! Kwenda msibani mtu anavaa vile?"

"Kweli," alisema Theonest. "Amekosea."

Usiku ule hakula vizuri. Kesho yake hakuenda Mbezi. Alisema anaumwa kiuno, akakaa barazani akimfuata mkewe kwa macho, na yale aliyoyaona kila siku akayaona sasa kwa mara ya kwanza: anavyopitisha mgongo wa kiganja ukutani akienda jikoni, anavyochovya ncha ya kidole kikombeni kujua chai imefika wapi, anavyongoja mtu aongee kwanza ndipo amwite jina. Mwalimu yule alikuwa ameisoma nyumba yote kwa kichwa, na alikuwa akiitamka bila kukosea hata mstari.

Taa za televisheni ile zilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alikuwa na vifaa. Lakini kila alipotaka kuishusha ukutani, aliirudisha bisibisi kwenye mkoba. Akiitengeneza, kwa nani? Na akimwambia kwamba imeharibika, atakuwa amemwambia na lile jingine. Basi akaacha. Jioni zikafuatana, wawili wale wakikaa bega kwa bega mbele ya kioo kisicho na kitu. Demetria alisema, "Huyu mtangazaji kanenepa," naye akajibu, "Kanenepa kweli." Demetria alisema, "Bwawa limejaa, yaone maji yale," naye akajibu, "Nayaona." Wakati mwingine aligeuka kumtazama badala ya kutazama ukuta, na machozi yakamtoka bila sauti, maana alijua hataonekana.

Aliyelivunja jambo lile hakuwa na habari nalo. Jirani yao Kondo, dereva wa lori la saruji, Mzaramo mchangamfu asiyejua kupunguza sauti, alipita Jumapili baada ya chakula cha mchana kuleta madafu kutoka kwao Mbagala. Alikuta wazee wamekaa, misa ya marudio inaimbwa. Akasimama katikati ya sebule na dafu kila mkono.

"Shikamoo Mzee, shikamoo Mwalimu. Sasa nyie, mbona TV haina picha? Mnasikiliza tu? Hii si imekufa taa, Mzee! Ya kwangu nayo ilikuwaga hivihivi. Wewe fundi mzima unakaa na TV giza?"

Kwaya ikaendelea kuimba ukutani. Kondo aliwatazama, mmoja, halafu mwingine, na kitu kikamwambia anyamaze. Aliyaweka madafu sakafuni polepole. "Basi mie nitarudi baadaye," alisema, akatoka kwa ncha za vidole.

Demetria ndiye aliyeipapasa rimoti na kuzima sauti.

"Haina picha?" aliuliza.

"Haina."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya mvua. Niliporudi mapema."

Demetria alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo. "Kumbe wewe siku zote hizo unajua. Unakaa hapa unaniambia kanenepa, kanenepa."

"Na wewe je, mama? Tangu lini huoni?"

Vidole vya Demetria vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la kitenge. "Kuona vizuri, ni zamani. Kwaresima ilipoanza nilikuwa bado naona dirisha. Pasaka sikuliona. Ilikuwa inajikusanya, Theo. Kama zile televisheni zako za chogo ukizizima, picha inakimbilia katikati, inakuwa nukta, nukta inakaa kidogo. Halafu haipo."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ilimpanda bila kutaka. "Mimi ni nani yako? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulileta ile ya kwanza ukaniuliza, sasa unaona? Ukaleta nyingine, sasa unaona? Siku uliyoleta hii, uso wako nilikuwa bado nauona ukikaa mbele yangu sawasawa. Nilivyokuona ulivyosimama na rimoti, nilishindwa. Nikasema acha nione." Akafuta pua kwa kiganja. "Halafu ukishasema unaona, huwezi tena kurudi nyuma."

Theonest alihama kochi lake, akapiga magoti sakafuni kati ya madafu, akaweka paji la uso juu ya magoti ya mkewe. Walikaa vile mpaka mvua ikaanza tena kugonga bati.

Alireza aliposikia, aliwachukua kwa gari lake mwenyewe mpaka hospitali, akakaa nao kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari alikuwa mwanamke mpole. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akavuta kiti karibu, na kabla hajasema lolote Theonest alishajua, kwa sababu sura ile aliwahi kuivaa yeye mwenyewe katika sebule za watu.

"Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa, mama. Ungekuwa mtoto wa jicho tungekufanyia upasuaji. Huu haurudi."

Demetria aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa tarehe ya mkutano. Theonest ndiye aliyeng'ang'ania. Alieleza habari ya vioo, jinsi alivyokuwa anavibadilisha, kila mara kikubwa zaidi, chenye mwanga zaidi. Je, mwanga ule ndio uliomharibu?

"Hapana, mzee. Mwanga wa televisheni haukumfanya kitu. Ila…" Daktari alisita. "Ugonjwa huu unakula pembeni kwanza, anabaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kioo kikiwa kikubwa na yeye yuko karibu, anaona kipande tu. Pua ya mtu, au mkono. Kwake yeye kidogo kilichowekwa mbali kingekuwa bora. Angekiona chote."

Ndani ya gari Theonest alikaa mbele, kando ya Alireza. Walipofika njia panda ya kwenda Wazo, Demetria alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akapapasa mpaka akakuta bega lake.

"Usilichukue hilo," alimwambia. "Hukuwa unajua."

"Ulikuwa unaona pua tu."

"Ilikuwa pua nzuri," alisema, na Alireza, aliyekuwa akiendesha, akageuza uso kuelekea dirishani.

Theonest aliitengeneza televisheni wiki ile. Demetria ndiye aliyemlazimisha. Alisema hataki nyumba yenye watu wawili wasioona. Picha iliporudi, akamwekea sharti moja. "Kila kilichopo hapo uniambie kama kilivyo. Nimechoka kudanganya na nimechoka kudanganywa. Kibaya, kizuri, niambie."

Theonest hakuwa na kipaji hicho. Alijua kinachofanya picha itokee, ila hakuwahi kulazimika kusema ina nini. "Kuna mtu," alisema. "Mtu gani?" "Mwanaume." "Kavaaje? Anatazama wapi? Wewe Theo, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha ukaandike upya." Na ndivyo alivyojifunza, uzeeni, kutafuta maneno ya rangi na ya nyuso za watu, na jioni nyingine alikwama, akanyamaza, na mkewe akangoja gizani bila kumharakisha.

Adventina alikuwa mwalimu wa sekondari Mwanza. Walimwambia kwa simu ya sauti kwanza. Alisema atakuja likizo, akakata. Jumamosi akapiga tena, safari hii ya video. Theonest aliishika simu mbele yao wote wawili, akanyoosha mkono mpaka nyuso zikaingia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi? Mvua huko?"

"Zipo, Mama. Nzuri tu." Sauti ya Adventina ilikuwa imenyooka, ya mwalimu kama mama yake. Lakini kwenye kioo kile kidogo uso wake ulikuwa umelowa wote, mdomo unatetemeka, na aliposhindwa kuendelea alifunika kinywa kwa kiganja. Kwa mkono wa pili akamwonyesha baba yake kidole midomoni: usimwambie.

Demetria alisogeza sikio. "Imekatika?"

"Haijakatika," alisema Theonest.

"Sasa mbona kanyamaza? Anafanya nini?"

Theonest alimtazama binti yake, na binti yake akatikisa kichwa, akimsihi. Mkono uliokuwa umeshika simu ulianza kuchoka. Alikuwa anajua neno litakalofaa, jepesi, na alijua mkewe angelipokea, kama yeye alivyolipokea lake miaka yote ile.

"Analia," alisema. "Amefunika mdomo kwa mkono wa kulia. Kavaa blauzi ya manjano. Ananiambia nisikwambie."

Demetria alivuta pumzi, akaiachia. Aliinua mikono yote miwili, akaitafuta simu hewani, na Theonest akaiweka katikati ya viganja vyake. Akaishika karibu kabisa na uso, karibu mno, hata kule Mwanza lazima kilichoonekana kilikuwa shavu tu.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia kwa sauti basi, nikusikie."